Samaki Alelewaye Kinywani mwa Asiye Mamaye

Ndugu wasomaji, katika miezi iliyopita tumezungumza nanyi katika ukurasa huu juu ya malezi, juu ya haki ya jirani, na juu ya matumizi ya nyumba. Mwezi huu twaomba radhi kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi yenu huenda wakaliona dogo, nalo ni samaki wafugwao ndani ya tangi la vioo. Lakini jambo dogo likiingia nyumbani na likashika nyoyo za watoto na za wazee wao, huwa si dogo tena. Nasi limetufika hili nyumbani kwetu, na limetufunza somo ambalo hatukulitafuta.

Kwanza yatupasa kuondoa shaka. Wako wasemao kuwa kufuga kiumbe kwa kukitazama tu ni mchezo usiomfalia Muislamu. Hao twawakumbusha habari ya Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yao. Mtoto huyo alikuwa na kindege chake akikichezea, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipokuwa akifika nyumbani kwao alikuwa akimuuliza habari za kindege kile kwa upole na mzaha wa mapenzi. Wanavyuoni wengi wameitumia habari hii kuwa ni dalili ya ruhusa ya kufuga kiumbe nyumbani, maadamu kinalishwa na hakiudhiwi. Na upande wa pili ipo habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimpe chakula wala asimwache akajitafutie. Basi mlango uko wazi, lakini kizingiti chake ni kirefu. Aingiaye na ainue mguu.

Tangi letu lilianza kwa ombi la mwanetu wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka kumi. Tulimwekea sharti: asiache chuo chake wala Sala zake, na kazi ya kubadili maji iwe yake. Akakubali. Tukaanza na samaki wadogo wa jamii ya perege, asili yao Ziwa Viktoria, wa kike rangi ya majani makavu, wa kiume wenye kung'aa buluu na nyekundu. Miezi ikapita kwa salama. Kisha mtu mmoja afugaye samaki mjini akatuonyesha aina ya kambare ambaye tangu siku tuliyomwona hatukuweza kumtoa katika fikira zetu.

Kambare huyu si kama wale wakubwa weusi wa matopeni mnaowajua sokoni. Ni mdogo kuliko wao. Mwili wake wa rangi ya fedha iliyofifia umetapakaa madoa meusi ya mviringo, mapezi yake ni meusi yenye pindo jeupe kama la kanzu iliyotarizwa, na macho yake ni makubwa. Ni wa jamaa ya wale ambao wavuvi wa Ziwa Viktoria huwaita gogogo. Wataalamu wamempa jina la Synodontis multipunctatus, na mtaalamu George Albert Boulenger ndiye aliyemwandika kwa jina hilo katika mwaka wa 1898. Kwao ni Ziwa Tanganyika peke yake, ziwa la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, ambalo katika dunia nzima halizidiwi kina ila na Ziwa Baikal la Urusi.

Kwa muda mrefu watu walimjua samaki huyu kwa sura yake, wasijue azaavyo. Mwaka 1986 mtaalamu wa Kijapani, Tetsu Sato, alitangaza jambo ambalo liliwashangaza wajuzi wa elimu ya wanyama. Mnajua, ndugu wasomaji, kuwa wako samaki wa jamii ya perege ambao mama hutaga mayai, akageuka upesi akayaokota kwa mdomo, akayaatamia kinywani mwake mpaka yaanguliwe na wana waweze kuogelea. Siku zote hizo mama hula kidogo sana au hali kabisa. Basi kambare huyu huvizia saa ile ile ya kutaga. Dume na jike lake hupenya katikati ya wale perege, wakala baadhi ya mayai na kudondosha yao papo hapo. Na mama perege, kwa haraka yake ya kuokota, huokota na ya kambare asijue. Mayai ya mgeni ni madogo kuliko yake, na huanguliwa mbele, kiasi cha siku tatu. Wakisha kumaliza kiini cha yai walichozaliwa nacho, vitoto vya kambare huwala wana wa mwenye nyumba, mle mle kinywani. Mama huvilea, huvichukua, hushinda njaa kwa ajili yao, na siku ya kuwatoa hutoa wasio wake.

Sisi twamjua ndege aitwaye kekeo, atagaye katika kiota cha mwenzake. Lakini katika wanyama wote wenye uti wa mgongo, ukiwatoa ndege, kambare huyu ndiye pekee ajulikanaye kutegemea malezi ya aina hii kwa uzazi wake wote. Na yuko katika ziwa letu, karibu na Kigoma na Ujiji, ambako babu zetu walipita na majahazi na misafara wasijue lililoko chini ya maji. Ametakasika Muumba ambaye ilimu yake haikupitwa na kitu, kiwe bara au kiwe vilindini.

Tulipoyasikia hayo tulishikwa na hamu, na hatutaficha. Tukanunua kambare sita wadogo, waliozaliwa mjini katika tangi la mtu na wala hawakuvuliwa ziwani. Bei yao ilitufanya tuache kununua viatu vipya vya Idi kwa ajili yetu wenyewe. Hilo tulilikubali, maana tulilikata katika haki yetu, hatukulikata katika haki ya watoto wala ya sadaka. Tukawatia katika tangi la lita 300, tukawawekea mawe yaliyopangwa mfano wa mapango, tukawa tukiwatazama. Wakakua polepole. Mwaka ukapita na miezi juu yake. Kila jioni mwanetu alikuwa akitujia akisema, "Baba, leo huenda." Nasi hujibu, "Inshallah."

Kisha ikafika jioni ya siku ya Alkhamisi. Dume la perege likasafisha pahala pa mchanga, rangi zake zikakolea kama zilizopakwa mafuta, akawa akitetemeka mbele ya jike lake. Na wale kambare sita, ambao kwa kawaida hukaa mapangoni mpaka taa zizimwe, wakatoka wote kwa pamoja, wakawa wakizunguka kwa mbio kama watoto waliosikia ngoma. Tukaita nyumba nzima. Mke wetu akaacha jiko, binti zetu wakaacha vitabu, tukakaa wote chini mbele ya kioo hatusemi. Tukaona kwa macho yetu: perege akitaga, kambare akipenya, mama akigeuka na kuokota. Hatukupata kuona jambo la ajabu kama lile ndani ya nyumba yetu.

Adhana ya Magharibi ikasikika. Tukasema, dakika moja tu. Dakika ikazaa ya pili, na ya pili ikazaa ya tatu. Mama yetu mzazi, ambaye alikuwa amekwisha tandika mswala wake, akatuita kwa sauti ya taratibu: "Mwanangu, samaki hao wakukungoja. Na Mola wako je?" Wallahi tuliona haya mbele ya watoto wetu. Tukainuka tukatawadha, na wakati ulikuwa umebaki mdogo. Tumeliandika hili si kwa kujisifu kwa kukiri, bali kwa sababu tunajua nyumba nyingi ambamo kitu kingine kisichokuwa samaki kimekaa mahala pale pale, kikisema dakika moja tu.

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha. Mama perege alitenga pembe yake, taya lake likiwa limetuna, hali chakula. Mwanetu alihesabu siku kwa chaki nyuma ya mlango. Baada ya kiasi cha wiki tatu, asubuhi baada ya Sala ya Alfajiri, alikuja mbio: "Baba, ametoa!" Tukaenda. Mbele ya mawe walikuwamo vitoto vinne vya kambare, kila kimoja si kikubwa kuliko punje ya mpunga mrefu, tayari vina madoa yao na ndevu zao. Tukapiga takbiri kwa furaha. Tulikuwa tumepata jambo ambalo wafugaji wengi hulitamani miaka wasilipate.

Mtoto alitazama muda mrefu. Mama perege alikuwa amedhoofu, tumbo limeingia ndani, akiogelea karibu na wale vitoto wanne kama awalindaye. Kisha mwanetu akauliza, "Baba, na watoto wake yeye wako wapi?"

Tulikuwa tumemweleza habari yote hii mapema, naye alikuwa akiijua. Lakini kujua habari ni kitu, na kuona mama aliyekonda kwa ajili ya wasio wake ni kitu kingine. Tukamwambia kuwa hii ni tabia ambayo Mwenyezi Mungu amemuumba nayo kambare. Akanyamaza, kisha akasema, "Ndiyo, Baba. Lakini sisi ndio tuliowaweka pamoja."

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jibu siku ile. Tukalichukua neno lake tukalitafakari, na haya ndiyo tuliyoyafikia. Sisi si mamufti, na mwenye ilimu zaidi akitusahihisha tutamshukuru.

Jambo la kwanza ni kwamba kambare hana dhambi. Yeye si mukallafu. Hakupewa akili ya kuchagua baina ya haki na dhulma, na riziki yake imo katika dhamana ya Mola wake kama riziki ya kila kitambaacho. Mzazi asimfunze mtoto wake kumchukia mnyama kwa alivyoumbwa. Chui hala majani, wala mwewe hawezi kuambiwa afanye toba.

Jambo la pili ni kwamba kule ziwani mambo yana mizani. Katika mwaka wa 2018 wataalamu wa Kicheki, wakiongozwa na Radim Blažek, walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa kambare huyu huyu na perege wa aina mbalimbali. Waliona kuwa perege wa Tanganyika, ambao wameishi pamoja naye vizazi na vizazi, huponea zaidi: wanajua kumhadhari na kuyakataa mayai yake. Lakini perege wa maziwa mengine, ambao hawakupata kukutana naye, hudanganyika kwa wepesi. Basi Muumba aliyempa mmoja hila ndiye aliyempa mwenziwe hadhari, na ziwa lina nafasi ya kukimbilia.

Jambo la tatu ndilo lililotuchoma. Sisi tulimchukua perege wa Ziwa Viktoria, asiyejua hila ile, tukamweka na mwenye hila ndani ya vioo vinne visivyo na pa kukimbilia. Hadhari hakuwa nayo, na nafasi hatukumpa. Kambare hakumdhulumu, lakini je, sisi? Hapo tukaikumbuka habari iliyopokewa na Ibn Masud katika Sunan ya Abu Daud. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakaona ndege na makinda yake mawili, wakayachukua makinda. Mama yao akaja akitandaza mbawa zake kwa huzuni. Mtume alipomwona aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa wanawe, akaamrisha arudishiwe. Ndege yule hakuwa wa dhahabu, wala safari ile haikuwa ya mchezo. Lakini uchungu wa mama mdogo kama yule ulisimamisha shughuli ya watu.

Tulikusudia kuwauza kambare wote. Mama yetu ndiye aliyetuzuia, akasema, "Mmeshika kazi msiyoijua vizuri. Jifunzeni kwanza, kisha mwamue. Kukimbia si toba." Tukaenda tena kwa yule mfugaji wa mjini, tukamuuliza kama iko njia ya kupata wana wa kambare bila ya kuwapoteza wana wa perege. Akasema iko, ila ina taabu zaidi, na ndiyo maana wengi hawaifuati.

Njia yenyewe ni hii. Perege akisha kutaga na kuokota, asiachwe zaidi ya siku moja au mbili, kabla mayai ya kambare hayajaanguliwa. Hushikwa kwa mkono uliolowa maji, kwa upole, juu ya bakuli lililojaa maji ya tangi lile lile. Kidevu chake hufunguliwa kidogo kidogo, naye huyaachia mayai. Kisha mama hurudishwa, na siku ile ile huanza kula. Mayai ya kambare, kwa kuwa ni madogo, hutengwa na yale makubwa ya perege kwa mrija wa kudondoshea dawa. Kila kundi huwekwa katika chombo chake chenye kufukuta mapovu ya hewa taratibu, ili mayai yabiringike bila kukoma kama yabiringikavyo kinywani mwa mama. Yakilala pahala pamoja hushikwa na ukungu. Lililoharibika hugeuka jeupe, nalo huondolewa mara moja lisiambukize mengine. Vitoto vya kambare vikisha maliza viini vyao hulishwa vijidudu vya artemia vilivyoanguliwa upya katika maji ya chumvi, na sharti vishibe mara nyingi kwa siku, kwani vikikosa hulana vyenyewe kwa vyenyewe.

Tulijaribu mara ya kwanza, tukapoteza karibu yote kwa ukungu, kwa kuwa mapovu yalikuwa hafifu na umeme ulikatika usiku. Mara ya pili tukanunua pampu ndogo ya betri ya kuhadhari. Mke wetu na mwanetu wakapokezana zamu za usiku kama waleao mtoto mgonjwa. Wakapona kambare kumi na mmoja, na perege ishirini na watatu. Mwanetu aliwahesabu wale ishirini na watatu mara nne, kisha akafuta alama zake za chaki nyuma ya mlango.

Baada ya hapo tulifanya uamuzi. Perege wetu sasa wana tangi lao mbali, wanataga na kulea wenyewe. Kambare huchanganywa nao mara moja tu kwa mwaka, na mayai hutengwa kama tulivyoeleza. Hatusemi kuwa mama anyang'anywaye mayai yake hasikii kitu. Hilo liko kwa aliyemuumba. Twasema tumeipunguza dhara kadiri ya uwezo wetu, na wana wake wanaishi.

Huenda msomaji akauliza, ya nini taabu yote hii kwa samaki? Twajibu kuwa kufuga kwa kuzalisha nyumbani kuna faida, kukifanywa kwa insafu. Mfano wake ni kambare mwingine mdogo, mweupe mwenye michirizi myeusi mfano wa punda milia, aitwaye Hypancistrus zebra. Kwao ni sehemu moja tu ya mto Xingu katika nchi ya Brazili, na wataalamu walimwandika jina katika mwaka wa 1991. Uzuri wake ulimletea balaa ya wavuvi, na juu yake pakajengwa bwawa kubwa la umeme la Belo Monte, lililoanza kuzalisha umeme katika mwaka wa 2016, likageuza mwendo wa maji katika makazi yake. Serikali ya Brazili imekataza kuwatoa wa porini, na katika mkutano wa mataifa uliofanyika Panama mwaka 2022 biashara yake ikatiwa chini ya ulinzi wa mkataba wa dunia. Lakini katika nyumba za wafugaji wa Ulaya na kwingineko samaki huyu anazaa, na kila mmoja azaliwaye katika tangi ni mmoja asiyetamaniwa katika mto. Na katika jamii hiyo ni baba ndiye akaaye pangoni na mayai, akiyapepea maji kwa mapezi yake, hatoki mpaka wana wamejiweza. Wako akina baba wa Kibinadamu ambao wangefaa kumtazama samaki yule kwa muda.

Kwa wale ambao watataka kuanza, twawausia mambo machache.

Kwanza, anzeni kwa samaki wa kawaida na tangi moja. Fedha ya samaki itoke katika ziada, baada ya ada za watoto, haki za wazazi na sadaka. Itokapo katika haki ya mtu ni israfu, hata samaki awe mzuri namna gani.

Pili, maji ndiyo nyumba yao. Samaki wa Tanganyika hutaka maji mazito yenye chokaa, si maji laini. Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yasimiminwe moja kwa moja. Yaachwe kwanza katika chombo kilicho wazi, au yatiwe dawa ya kuiondoa. Badilini sehemu yake kila wiki, wala msijaze samaki wengi katika pahala padogo.

Tatu, msimwachie samaki wa tangi katika mto, kisima wala ziwa, hata kwa nia ya huruma. Katika miaka ya 1950 sangara waliingizwa katika Ziwa Viktoria, na walipokithiri katika miaka ya 1980 aina nyingi mno za perege wadogo, ambao hawakuwa pahala pengine duniani, zilitoweka. Aliyepoteza namna moja ya viumbe vya Mungu hawezi kuirudisha.

Nne, mkiuza, semeni kweli. Katika biashara hii wako wauzao kambare wa mchanganyiko kwa jina la yule wa asili. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na haramu haihalaliki kwa kuwa kilichouzwa ni samaki.

Tano, nalo ndilo kubwa, adhana ikisikika, zimeni taa ya tangi. Samaki watakuwapo mtakaporudi.

Twamaliza kwa jambo tuliloliona wiki iliyopita. Yule mama perege aliyekuwa amekonda amelea tena, safari hii wana wake mwenyewe, mpaka mwisho. Tulikuwa tumeketi na mwanetu mbele ya kioo baada ya Sala ya Alasiri. Wana wakatoka kinywani mmoja mmoja, wakatawanyika kama vumbi katika mwanga wa dirisha. Paka wa jirani akaruka juu ya kibao cha dirisha, kivuli chake kikapita juu ya maji. Papo hapo wale wana wote wakarudi mbio kwa mama yao, naye akafungua kinywa akawafungia ndani. Mtoto hakusema neno. Alikwenda akalifunga dirisha, kisha akaketi tena akingoja watoke.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye huruma kwa viumbe vyake, vikubwa na vidogo, na azijaalie nyumba zetu na nyumba zenu ziwe na amani na Sala kwa wakati wake. Amin. Wabillahi tawfiq.